Pesa ya Chai: Je, Anayelipia Haki Yake Ana Dhambi?



Likizo iliyopita nilimsindikiza jaja yangu, mama wa mama, kwenye hospitali moja ya serikali. Miguu yake ilikuwa imevimba na usiku alikuwa halali kwa kukosa pumzi. Tulifika kabla ya jua kuchomoza, na bado tukakuta mabenchi yote yamejaa. Ilipofika saa nne mstari ulikuwa haujasogea hata nusu. Mtumishi mmoja aliyekuwa akibeba mafaili akapita karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu, mzee anateseka. Toa ya chai, faili lipande juu." Nilitazama miguu ya jaja. Nikatoa shilingi 10,000, nikamwekea ndani ya kadi. Haukupita muda jina la jaja likaitwa, akaonwa na daktari, akapewa dawa, na adhuhuri tukaiswali nyumbani.

Jioni, jaja akiwa amelala kwa utulivu, nilijiona nimefanya wema. Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai, akaniuliza, "Mjukuu wangu, yule mama aliyekuwa mbele yetu, mwenye mtoto anayetapika, naye aliitwa?"

Sikuwa na jibu. Nilipoondoka pale sikugeuka kumtazama.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu. Hukumu ya rushwa tumeisoma darasani na kwenye mtihani nimeiandika. Lakini nilikuwa sijawahi kuisoma nikiwa mtoaji. Niliporudi chuoni niliifungua upya, na ndugu zangu ninawaletea niliyoyakuta, kwa sababu najua wengi wetu tumesimama kwenye mstari kama ule, na tutasimama tena.

Asili ya jambo haina utata. Katika Suratul Baqara, aya ya 188, Mwenyezi Mungu ametukataza kuliana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu kwa dhambi. Na katika hadithi ya Abdullah bin Amr iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, laana ya rushwa imewafika wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Mtoaji ametajwa pamoja na mpokeaji, kwa hiyo hawezi kusema kwamba yeye alinyoosha mkono tu.

Lakini maulamaa hawakuishia hapo, kwa sababu waliishi na watu. Imepokewa kwamba Ibn Mas'ud (r.a.) alizuiliwa katika ardhi ya Uhabeshi, akatoa dinari mbili mpaka akaachiwa, na akaona kwamba dhambi ni ya aliyepokea, si ya aliyetoa. Al-Khattabi, alipoieleza hadithi ya laana, alisema adhabu inawapata wote wawili wanapolingana katika nia, yaani mmoja anatoa ili apate batili na mwingine anapokea kwa ajili hiyo. Ama anayetoa ili afikie haki yake au ajikinge na dhuluma, huyo hakumuingiza katika laana. Wengi katika mafuqaha wameifuata njia hii, na wakaiwekea masharti: haki iwe ni yako kweli, usiwe na njia nyingine ya kuipata, na usiichukue haki ya mtu mwingine.

Nilipofika hapo nilipumua. Matibabu ni haki ya jaja. Tangu mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa malipo katika huduma za kawaida kwenye vituo vyake vya afya, yakabaki kwenye vitengo vya kulipia katika baadhi ya hospitali. Jaja hakuomba upendeleo. Nikasema, basi mimi niko pamoja na Ibn Mas'ud.

Kisha nikasoma maneno ya Shawkani katika Nayl al-Awtar. Yeye anaupinga ufafanuzi huo. Anasema hadithi imekuja kwa ujumla, na anayetaka kumtoa mtafuta haki ndani ya ujumla huo alete dalili ya kumtoa. Mwanzoni nilimuona ni mkali. Mtu anayetazama miguu ya bibi yake haihitaji hoja ya namna hii, nilisema. Lakini kadiri nilivyofikiri niliona kwamba hata nikimuacha Shawkani na kuwafuata walioruhusu, bado kesi yangu haisimami. Inaanguka kwenye sharti la tatu.

Nililipia nini hasa? Kama ningelipia matibabu, ningesema nimelipia haki yetu. Lakini matibabu jaja angeyapata, pengine saa nane badala ya saa tano. Nilichonunua ni nafasi. Na nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya yule mama aliyeamka kabla yetu akiwa na mtoto mgongoni. Yule mtumishi aliniuzia kitu kisicho chake, nami nikakinunua huku mwenye mali ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Kuna kanuni ya fiqhi tunayoihifadhi mwaka wa pili: madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Niliyaondoa madhara ya jaja nikayaweka juu ya mtoto wa mwenzangu.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati yangu na Ibn Mas'ud. Dinari mbili zile hazikumchelewesha mtu mwingine kutoka kifungoni. Na ndipo ninapoiona tofauti kati yangu na mume ambaye mkewe yuko katika uchungu usiku wa manane, kituo kina mhudumu mmoja, na mhudumu huyo hagusi chochote mpaka apewe. Mume yule akitoa, sitamhukumu. Hana njia nyingine, hamtangulii mtu, na roho mbili ziko hatarini. Dhambi nzima ninaiona juu ya mpokeaji. Ila naye mume, kukipambazuka na mtoto akiwa salama, amebakiwa na wajibu wa kusema. Dharura hupimwa kwa kiasi chake, na dharura ikiisha ukimya hauna udhuru.

Baadhi ya wenzangu niliowahadithia walinijibu hivi: "Unajitesa bure. Kosa ni la mfumo. Wewe ni mwananchi wa kawaida, utafanya nini?" Jibu hili lina ukweli ndani yake, na sitaki kulipuuza.

Kuondoa ada mwaka 2001 kulikuwa jambo jema. Watu waliokuwa wakikaa na maradhi nyumbani kwa kukosa pesa walikuja vituoni kwa wingi. Lakini dawa, vitanda na wahudumu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Mwaka huo huo viongozi wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Uganda ilikuwa miongoni mwao, na miaka mingi imepita bila ahadi hiyo kutimia. Kitu kinapokuwa cha bure na hakitoshi, watu hukigawana kwa foleni, na foleni ikiwa ndefu sana huanza kuwa na bei. Ada iliyotolewa mlangoni ikarudi kupitia dirishani, safari hii bila risiti. Na anayeshindwa kuilipa ni yule yule maskini ambaye sera ilitungwa kwa ajili yake.

Mpokeaji naye ana maelezo yake. Mshahara wake ni mdogo, wakati mwingine unachelewa, na ana watoto wa kusomesha. Uislamu haukulifumbia macho hili. Katika hadithi ya Mustawrid bin Shaddad iliyo katika Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alimpa mtumishi wa umma haki ya kupata mahitaji yake ya msingi, mke, msaidizi na makazi, na akakihesabu kinachochukuliwa zaidi ya hapo kuwa ni khiyana. Mpangilio wa hadithi hii unafunza: kutosheleza kunatangulia, kisha kubana. Serikali inayochelewesha mshahara kisha ikashangaa kuona pesa ya chai imesoma nusu ya hadithi. Na mtumishi anayelipwa kisha akauza foleni ameiacha nusu nyingine. Ibn al-Lutbiyya aliporudi kutoka kukusanya zaka na kutenga sehemu aliyosema ni zawadi yake, Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari mbele za watu na kuuliza kama zawadi hiyo ingemfuata lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Swali hilo linamtosha mbeba mafaili wetu. Ile 10,000 isingemfuata nyumbani kwake. Ilifuata mafaili.

Kwa hiyo ni kweli, mfumo una kosa. Lakini mfumo ni jina la mikono mingi, na asubuhi ile mkono mmoja ulikuwa wangu. Kila anayelipa anapandisha bei kwa anayefuata na kumfundisha mtumishi kwamba wanaongoja bila kutoa wanaweza kuendelea kungoja. Tena sisi tunaolipa ndio wenye sauti kidogo: tumesoma, tunajua kuandika barua, tunajua ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali iko kwa ajili ya malalamiko kama haya. Tukishanunua njia ya mkato, mstari unabaki na wale wasio na pesa wala sauti. Nani atalalamika?

Na kulalamika hakukosi matunda, kama tunavyopenda kujifariji. Katika nchi yetu hii, kati ya 1991 na 1995, uchunguzi wa fedha za ruzuku zilizotolewa na serikali kwa ajili ya shule za msingi ulionyesha kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Nyingine ziliishia njiani, nyingi mikononi mwa maofisa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na redioni kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Zilikuwepo sababu nyingine pia, lakini jambo moja liko wazi: mwizi wa mali ya umma anategemea kwamba mwenye mali hajui kiasi chake. Mzazi aliyesoma karatasi ukutani alikuwa amejua.

Wazee wetu walikuwa na jina la kazi hii. Waliiita hisba, na Mawardi ameitengea mlango mzima katika Al-Ahkam al-Sultaniyya. Umar bin al-Khattab (r.a.) aliorodhesha mali za magavana wake alipowateua, ili ajue kilichoongezeka. Hakungoja wawe wezi kwanza. Hii karatasi ukutani ni katika ukoo huo huo.

Je, sisi wanachama wa jumuiya tuna nafasi gani? Nina mapendekezo matatu madogo. La kwanza, tuwe na desturi ya kuuliza, "Nitapata risiti?" Ni swali la adabu, halimtukani mtu, na pesa ya chai haina jibu lake. La pili, kamati yetu ya huduma inayozuru wagonjwa mwisho wa wiki isiishie kugawa sabuni na sukari. Iombe uongozi wa hospitali ruhusa ya kusaidia kugawa namba asubuhi na kubandika orodha ya huduma zisizolipiwa. Namba ikiwa mkononi mwa kila mtu, nafasi haina tena wa kuiuza.

La tatu ni gumu zaidi, nalo linatuhusu nyumbani. Ramadhani, futari inapogawiwa chuoni, sote tunajua nani hupata sahani bila kupanga mstari: rafiki wa aliyeshika mwiko. Hakuna shilingi inayotolewa, ila nafasi ya mtu imechukuliwa vile vile. Miongoni mwetu wapo watakaokuwa maofisa wa wilaya, walimu na wakuu wa vituo. Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe, na Ibn Taymiyya alipoandika kuhusu siasa ya kisheria alijenga kitabu chake juu ya aya hii na inayofuata. Asiyeweza kuilinda amana ya sahani ya wali ataanza lini kuilinda amana ya dawa?

Narudi kwa jaja. Toba katika haki za waja ina sharti la kumrudishia mwenye haki, nami yule mama simjui jina wala kijiji. Nimetoa sadaka, na nimemuombea mtoto wake afya, lakini sijidanganyi kwamba nimelipa. Mwezi uliopita jaja alitakiwa kurudi kupimwa. Nilitoka chuoni nikampeleka. Tulibeba mkeka, thermosi ya uji na tasbihi yake. Mtumishi yule yule alipita, akanitambua, akasimama. Nikamwambia, "Tutangoja zamu yetu, kaka." Tuliitwa saa tisa kasoro. Jaja alichoka sana, na njia nzima ya kurudi alinilalamikia mgongo. Hakuniuliza tena habari za mtu aliyekuwa mbele yetu. Alikuwa amemuona akiingia.

Wallahu a'lam. Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake, na atujaalie tusiwe mzigo juu ya haki za wengine. Amin.