Sanamu Mbili za Arusi

Iko zawadi ya arusi inayopendwa sasa katika nchi nyingi: sanamu mbili ndogo, bwana arusi na bibi arusi, zilizoundwa kwa vipande vya plastiki. Kampuni ya LEGO ya Denmark iliombea hataza tofali lake la kuchezea mwaka 1958, na tangu 1978 yatengeneza pia vijisanamu vya watu, vyenye kimo cha sentimeta 4 hivi. Mtoaji huchagua uso, nywele na mavazi, hata sanamu zifanane na wale wanaooana.

Si lazima zawadi hiyo itoke ng'ambo. Hata huko Mtabila, katika nyanda za juu za Kigoma, mwenye udongo wa mfinyanzi na mikono mizuri aweza kuifanya. Lakini na azifuate taratibu za kazi. Akitaka wawili hao washikane mikono, awaunge wote wangali na unyevu ulio sawa. Akiunga mkavu na mbichi, yule mbichi atasinyaa peke yake, nao wataachana. Kisha awakaushe kivulini, polepole, maana udongo wenye maji ndani hupasuka motoni.

Twasemaje basi? Kazi hii yamlazimu mtoaji kuwatazama wawili wenyewe. Nasi tumezoea kutazama mengine: ukumbi, magari, keki, sare na kadi za michango. Matokeo yake twayaona katika parokia zetu. Vijana huishi pamoja miaka mingi bila Sakramenti ya Ndoa, wakingojea fedha za karamu. Watoto huzaliwa, na baba na mama hubaki mbali na Komunyo Takatifu, kwa ajili ya sherehe ya siku moja!

Kanisa halikudai hayo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, yafundisha kwamba ndoa hufanywa na ukubaliano wa wawili, wala hakuna mwingine awezaye kuutoa badala yao. Kanuni ya 1108 yataka mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Karamu haikutajwa. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, kwa hiyo hatuilaumu furaha. Twalaumu kuigeuza kizuizi.

Mtabila palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Aliyepata kukimbia ajua lililo kubwa katika ndoa: vyombo huachwa njiani, mwenzi haachwi.

Enyi wazazi na wasimamizi, kama kijana wenu angojea fedha, msimwachie mzigo huo. Punguzeni madai yenu, mkafuatane naye kwa paroko. Na siku ya arusi, mtu akileta sanamu mbili tu za udongo, mpokeeni kwa shangwe, kwa kuwa ameleta zawadi iliyo kamili.