Amana ya Uongozi na Elimu ya Nyota

Liko swali ambalo vijana wetu hutuuliza, nasi wakubwa aghalabu hulijibu kwa pupa: Je, mwanamke apewapo amri katika kazi za kijeshi za anga za juu, elimu hunufaika, au hiyo ni fahari ya jinsia tu? Wapo wasemao kwamba amri ni jambo la wanaume, na mwanamke aishikapo huvunja mila. Wapo pia wasemao kwamba lo lote liongozwalo na mwanamke ni jema. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na sababu zetu ni hizi.

Tuanze na mila. Katika pwani ya Afrika Mashariki uongozi wa mwanamke wakati wa mapambano si jambo geni. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuzikataa amri za Waingereza, waliotaka kodi zao na nguvu za vijana wao. Katika pwani hiyo hiyo, kaskazini ya Malindi, iko Ngomeni, ambako Waitalia walisimamisha jukwaa la kurushia roketi ndani ya maji ya bahari. Mwanzilishi wa kazi hiyo, Luigi Broglio, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma na pia jenerali wa jeshi la anga. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani. Msimamizi wa mradi wa setilaiti hiyo alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Naye ndiye aliyeipa jina la Kiswahili, Uhuru.

Uhuru haikuwa silaha. Nyota nyingine hutoa mionzi ya eksirei, lakini mionzi hiyo haipenyi hewa ya dunia, na mtu aliye chini hawezi kuiona hata kwa darubini kubwa. Mwaka 1962 roketi iliyogharimiwa na Jeshi la Anga la Marekani ilikuwa imegundua chanzo cha kwanza cha eksirei kilicho mbali kupita jua na sayari zake. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyoundwa makusudi kwa uchunguzi huo. Iliorodhesha vyanzo 339, na yale iliyoyaona yaliwasaidia wataalamu kuyatambua mashimo meusi, yale maumbile ya anga ambayo hata mwanga hauwezi kuyatoroka.

Basi kama mwanamke aliiweza kazi hiyo, kwa nini wenzake walikuwa wachache hivyo? Jibu liko kambini. Marekani ilipowachagua wanaanga wake wa kwanza mwaka 1959, iliweka sharti kwamba wawe marubani wa majaribio ya ndege za kijeshi. Na siku hizo jeshi halikuwafunza wanawake urubani. Kwa hiyo lango la kambi likawa ndilo lango la elimu. Huko Urusi ya Kisovieti, Valentina Tereshkova aliizunguka dunia mara 48 mwezi Juni 1963. Lakini mwanamke wa pili, Svetlana Savitskaya, hakuruka mpaka mwaka 1982. Mlango unaofunguliwa mara moja kwa ajili ya fahari, kisha ukafungwa miaka 19, bado ni ukuta.

Mwaka 1976 Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuwafunza wanawake urubani, na miongoni mwa waliofuata njia hiyo ni Eileen Collins. Mwezi Julai 1999, akiwa kanali, aliongoza safari ya chombo Columbia kilichobeba darubini ya eksirei iitwayo Chandra. Sekunde chache baada ya kuruka, hitilafu ya umeme ilizima baadhi ya mitambo inayoongoza injini, na hidrojeni ikawa inavuja. Mitambo ya akiba ikashika kazi, mabaharia wa anga hawakutaharuki, na darubini ikafikishwa salama. Ilikusudiwa kutumika miaka mitano. Ikatumika zaidi ya 20. Kazi aliyoisimamia mwanamke mmoja pale Ngomeni ilipata mrithi wake mikononi mwa mwanamke mwingine baada ya miaka 29.

Hatusemi kwamba Chandra isingefika kama kamanda angekuwa mwanamume. Wala hatusemi kwamba mwanamke ana akili ya namna yake. Tusemalo ni kwamba chombo hakiulizi jinsia ya mkono ulioshika usukani. Huuliza kama mkono huo unajua kazi. Jamii imtafutayo nahodha katika nusu ya watu wake huwaacha pwani manahodha ambao haitawajua kamwe. Na asiyepewa nafasi ya kuongoza, hata akifanya kazi kubwa, hasikiki. Gladys West, mwanahisabati Mwamerika mweusi, alianza kazi mwaka 1956 katika kituo cha jeshi la majini huko Dahlgren, Virginia. Hesabu zake za umbo la dunia zilisaidia kuweka msingi wa setilaiti zinazomwonyesha msafiri mahali alipo. Jeshi la anga lilimtunukia heshima mwaka 2018, miaka 62 baadaye.

Hata hivyo yapasa tuonyane. Mkuki haugeuki jembe kwa kuwa umeshikwa na mama. Setilaiti zimwonyeshazo mvuvi njia ya kurudi nyumbani huyaongoza pia makombora. Kwa hiyo usawa katika amri ni haki, lakini haki hiyo haiitakasi kila amri. Muungwana ni kitendo: kiongozi, awe mume au mke, atapimwa kwa yale aliyoyatenda na amana aliyokabidhiwa.

Ndugu walimu, mnapofundisha habari za nyota, waambieni wanafunzi kwamba setilaiti ya kwanza ya eksirei iliondoka katika bahari yetu ikiwa na jina la lugha yetu. Kisha wapeni maswali mawili wayajadili wenyewe, wasichana na wavulana pamoja: Chombo kilipoondoka, ni nani walioachwa pwani? Na ndani yake kimebeba nini?