Wanangu, pimeni uzito kabla ya kununua springi

Wanangu wa Kilangali, naona pikapu zenu zinavyozidi kwenda juu. Kwa hilo siwalaumu. Anayelima huku anajua masika yanavyozifanya njia za mashambani: magurudumu yanachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta, na gari la chini linalalia tumbo hapo hapo. Aliyeinua gari ili alifikie jaruba lake la mpunga ana hoja. Onyo langu ni juu ya kinachofuata baada ya hapo.

Kiangazi kikifika, udongo unakauka, njia inakunjamana kama bati, na mwenye gari anaanza kulalamika. Mbele pagumu, kila shimo linampiga mgongoni, usukani hautulii. Anaambiwa afunge springi laini, na huenda aliyemwambia amesema kweli. Springi nyingi za kuinulia gari hutengenezwa kwa ajili ya gari lenye bampa ya chuma na winchi, vyuma ambavyo vyaweza kufika kilo 100 na kupita. Ukizifunga kwenye pikapu yenye bampa yake ya kiwandani, hazipati mzigo wa kuzikandamiza. Mbele panabaki juu mno, na tairi zinarukaruka badala ya kushika ardhi. Tairi iliyo hewani haisaidii kukata kona wala kusimamisha gari.

Kwa hiyo kutafuta springi laini ni jambo la busara. Kosa ni kuinunua kwa kubahatisha, au kwa kuwa rafiki yako anayo. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hujui gari lake linabeba nini, wala springi zake zinavumilia nini.

Fuateni hesabu hii. Tuseme springi moja ya mbele inabeba kilo 500. Ikiwa kila kilo 5 zinaibonyeza milimita 1, gari likisimama springi itakuwa imebonyea milimita 100. Weka nyingine ambayo kilo 4 tu zinaibonyeza milimita 1, nayo itabonyea milimita 125. Maana yake, springi laini yenye urefu uleule itashusha gari, na ili gari libaki palepale lazima iwe ndefu zaidi kwa milimita 25 kabla ya kufungwa. Muuzaji anayewauliza mnataka inchi ngapi, asiulize gari lina kilo ngapi mbele, bado hajajua anawauzia nini.

Macho nayo msiyaamini. Springi ya waya wa milimita 15 ni laini kuliko ya milimita 16 kwa karibu asilimia 23, hata kama upana na idadi ya mizunguko ni sawa. Milimita 1 hiyo nani ataiona, springi ikiwa na kutu na tope?

Tena msikate springi. Wengi hudhani kukata kunalainisha. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 14. Umeshusha gari na umeongeza ugumu uliokuwa ukiukimbia. Wala msiichome kwa gesi ili ilale. Nguvu ya chuma kile inatokana na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na moto wa gereji unaiharibu. Itaendelea kulala kidogo kidogo, au itakatika ukiwa safarini.

Jueni pia gari lenu limejengwaje. Pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilitumia springi za vipande mbele hadi 1999, zilipoanza kupewa springi za mzunguko. Hilux nyingi za zamani, zile ambazo magurudumu ya mbele yanajitegemea, hazina springi ya mzunguko kabisa. Zina fimbo ya chuma inayojisokota. Ukikaza boliti yake gari linapanda, lakini fimbo haiwi ngumu wala laini zaidi. Gurudumu limepunguziwa tu nafasi ya kushuka, ndiyo maana mnasikia mbele panagonga.

Springi mpya haiendi peke yake. Shokapu iliyochoka, au isiyolingana na springi, itaacha gari likinesanesa baada ya kila shimo. Shokapu ikiwa ndefu kupita kiasi, gurudumu likining'inia springi yaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Ekseli nzima ya mbele ikiinuliwa, pembe inayorudisha usukani katikati inapungua na gari linaanza kutangatanga barabarani. Paipu za mpira za breki huvutika. Na kama umeinua nyuma pia, magari mengi yana vali inayopima mzigo kwa kuangalia jinsi nyuma palivyoshuka. Usipoirekebisha, vali itadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zitapewa nguvu kidogo hata ukiwa umejaza magunia.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wakati wa mavuno mnapakia mpunga nyuma, watu wanakaa juu ya magunia, na mbele panakuwa pepesi. Kisha mnatoka kwenye vumbi mnaingia lami ya barabara kuu ya TANZAM, inayokata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Twiga au nyati akikatiza, unakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lililoinuliwa lenye springi laini mno na shokapu mbovu linainama mbele, nyuma linanyanyuka, na ukikwepa kwa usukani laweza kupinduka. Waliokaa juu ya magunia hawana pa kujishikilia. Ni ndugu zenu hao.

Basi fanyeni hivi. Pelekeni gari kwenye mizani ya magari, mpande kwa magurudumu ya mbele peke yake, gari likiwa na mafuta na watu wanaolipanda siku zote. Pimeni tena likiwa na mzigo wa kawaida. Andikeni namba zote mbili na mmpe fundi, naye atoe uzito wa ekseli na magurudumu, ambao springi haiubebi. Chagueni springi inayolainisha safari bila kugonga mpira wa kikomo kwenye shimo baya la njia yenu. Badilini kulia na kushoto kwa pamoja, pimeni alaimenti, kisha jaribuni breki polepole pasipo na watu. Fundi akiwaambia kupima ni kupoteza muda, chukueni funguo zenu mwende kwa mwingine.