Mchezo: ni upuuzi au ni haki ya mwili?

WAPO Waislamu wema ambao wakimuona mtu mzima anakimbia ufukweni baada ya alfajiri, au kijana wa madrasa ana mpira kwapani, husikitika. Husema Muumini hana muda wa mchezo. Muda wake ni wa ibada na kutafuta riziki. Hoja hii ina uzito, kwani Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inatufunza kuwa kila mja ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini. Lakini Hadithi hiyo hiyo inaeleza kuwa ataulizwa pia mwili wake aliuchakaza katika nini. Basi mwili nao ni amana.

Abdullah bin Amr (R.A.) alipokuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Mtume mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Miaka ilipopita, naye akawa amenenepa, Mtume akamshinda, akacheka. Nabii Daud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake.

Ndugu Muislamu, tatizo letu mijini si kucheza mno, bali ni kukaa na kutazama wengine wakicheza. Kijana anawajua wachezaji wote wa ligi ya Uingereza, lakini akipanda ngazi za ghorofa mbili anahema. Mbaya zaidi, mpira umeingizwa kamari, nayo Qur'an imeiharamisha katika Suratul Maida. Bibi zetu waliposema mkeka walikusudia ukindu uliotiwa rangi, ukasukwa ukili, ukashonwa kwa subira ya siku nyingi, na mwisho wake kuna kitu cha kuswalia. Kijana wa leo akisema mkeka anakusudia orodha ya mechi alizobeti. Mkeka ule uliacha utulivu moyoni. Huu unaacha deni.

Tukiwafungia vijana mlango wa mchezo wa halali hawaendi msikitini. Wengi wanaishia kwenye vibanda vya kubeti.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Anayekwenda msikitini kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, ameshaanza. Madrasa za Dar es Salaam zinaweza kuwapeleka watoto msitu wa Pugu, wakatafakari uumbaji wa Allah (S.W.) kwa macho na si kwa kitabu tu. Kina mama watengewe mahali pa stara pa mazoezi, maana kisukari na presha havichagui jinsia. Mzee anayejua kushona kofia kwa mkono awafundishe wajukuu.

Mipaka ni ile ile: swala isipite, stara ihifadhiwe, kamari isiguswe. Nia ikiwa kuupa mwili nguvu za kumtii Allah, jasho hilo lina matarajio ya thawabu. Tukiukalia mwili hadi uharibike, tutajibu nini tutakapoulizwa?

Wabillahi tawfiq.