Sisimizi Aliyepitiliza Kwao

Kila mmoja wetu amepata kuwaona mbuzi wakirudi zizini jioni bila mtu wa kuwaongoza, nao hawakosi mlango. Tumewaona nyuki pia wakitoka mashambani na kwenda moja kwa moja mzingani mwao, ingawa mizinga mingine imetundikwa karibu. Mambo haya tumeyazoea sana, hata hatuyaulizi. Lakini yafaa tuulize: Je, mnyama aijua njia yake, au apelekwa tu kama jani lichukuliwalo na maji? Na ikiwa aijua, mbona sisi, tuliopewa akili kumshinda, twapotea?

Zamani wataalamu wengi walisema kwamba mnyama hana picha yo yote ya nchi ndani yake. Mazoea humsukuma, basi. Walakini mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Edward Tolman, aliandika ya kuwa panya aliyezoea mahali hujifanyia kichwani kitu kama ramani. Njia yake ya kila siku ikizibwa, aweza kuchagua nyingine ielekeayo kwenye chakula. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenziwe, huko London, walionyesha kwamba ndani ya ubongo wa panya zimo chembe ziamkazo afikapo mahali fulani, na nyingine ziamkazo afikapo mahali pengine. Kisha, mwaka 2005, May-Britt Moser na Edvard Moser pamoja na wenzao, huko Norwei, walieleza habari za chembe nyingine zipimazo nafasi, mfano wa mistari ichorwayo juu ya ramani. Watatu hawa, O'Keefe na hao wawili, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Na sehemu hiyo ya ubongo sisi nasi tunayo. Basi tusijivune kwamba ramani ni mali yetu peke yetu. Muumba aliwagawia hata wadogo.

Lakini kujua njia ni jambo moja, na kujua kwamba umekosea ni jambo la pili. Hapa sisimizi atufundishe.

Katika nchi ya Tunisia, penye jangwa tupu, yuko sisimizi aliye ndugu wa yule chungu asomwaye katika Mithali. Hutoka tunduni kutafuta chakula, akizunguka huko na huko. Akikipata, hurudi kwa mstari ulionyoka. Upande aujua kwa mwanga wa mbinguni. Je, umbali aujuaje? Mwaka 2006 wataalamu watatu, Wittlinger, Wehner na Wolf, walitangaza jaribio lao. Waliwaacha sisimizi waende mita 10 toka tunduni hata penye chakula. Kisha wengine waliwagandisha mironjo ya nywele ngumu za nguruwe, wengine waliwafupisha miguu, wakawaacha warudi. Wale wa mironjo walipitiliza kwao, wakaanza kutafuta tundu mbele sana. Wale wa miguu mifupi walianza kutafuta kabla ya kufika. Ndipo ilipojulikana kwamba sisimizi hupima njia kwa hatua zake. Hesabu yake ilikuwa sawa, ila kipimo kilikuwa kimegeuka, naye hakujua.

Niliposoma habari hii nilijiona mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa chuoni miaka mitatu, nami nikarudi kwetu kwa likizo. Siku moja baba aliniagiza nipite njia ya kilimani, kwa kuwa bonde lilikuwa limejaa maji. Nikacheka moyoni, maana nilikuwa na ramani ya nchi yetu niliyoichora kwa mkono wangu, na shuleni nilisifiwa kwayo. Nikashika njia ya bonde. Jua lilipokuwa likishuka nilikuwa katika matope hata magotini, wala sikujua kwetu ni upande gani. Mtoto mchungaji akapita juu ya ukingo, asiyepata kusoma hata siku moja. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Je, umepotea?" Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Sikupotea, natazama mimea tu." Akaenda zake. Nikateseka muda wa saa nzima, hata nilipomwona tena akirudi na mbuzi wake ndipo nilipomwita. Alinishika mkono akanitoa.

Matope hayakuwa aibu yangu. Aibu ilikuwa lile jibu. Sisimizi asipoliona tundu lake hukiri kwa miguu yake: huanza kuzunguka na kutafuta. Mtu apitilizapo kwao hujenga pale pale, akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nikienda." Elimu, fedha, cheo, yote ni mironjo. Huongeza hatua zetu, nasi twaendelea kuhesabu kwa hesabu ya kale, mpaka tumewapita wazazi, tumewapita jirani, na pengine tumempita Mungu, wala hatukusikia cho chote.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nalaumu mironjo. Jaribio lile lina mwisho wake. Sisimizi wale wale walirudishwa tunduni, wakatoka tena kwenda kwenye chakula wakiwa na mironjo yao. Nao waliporudi walipima umbali sawasawa. Ubaya haukuwa katika miguu mirefu, bali katika kuhesabu kwa miguu mipya safari iliyoanzwa kwa miguu ya zamani. Basi wewe kijana uliyeelimika, rudi kwanza nyumbani, uketi chini pamoja na wazee, uwaulize njia iko wapi sasa, ndipo utoke tena. Kuuliza si ujinga.

Sulemani alimtuma mvivu aende kwa chungu apate hekima. Nadhani nasi wenye kusoma twapaswa kufuatana naye.