Kumshika Mkono

Je, ni haki kumlazimisha mtoto kwa faida yake? Swali hili nimelibeba tangu mwaka jana.

Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili kuhusu watoto wenye mahitaji maalum. Tulifundishwa kwamba kila mtoto ashiriki. Sasa, mvulana mmoja wa miaka tisa, mwenye usonji, alikuwa anakimbia kila nikipiga filimbi. Mimi namvuta mkono, namrudisha kwenye duara. Siku moja akaniuma. Mama yake, aliyekimbia naye kutoka Beni, akaniambia, "Mwalimu, mtoto hana ubaya. Hiyo filimbi inamwumiza masikio. Mbona hukuniuliza?"

Wengine mtasema kuna wakati lazima kulazimisha. Kweli. Hapa Nyakalengija mto Mubuku uko karibu; akikimbilia majini nitamshika, sitamwuliza. Lakini siku ile nilimshika ili apone? Hapana. Nilitaka duara langu lionekane zuri mbele ya wageni.

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Asiyeongea naye anasema: kwa kuziba masikio, kwa kukimbia, hata kwa meno.

Filimbi nimeiacha. Yeye anakaa karibu na mlango, na siku nyingine anaingia mwenyewe.

Ndugu zetu wa mashirika, semina ijayo mwiteni mama kama huyu afundishe. Na posho yake iwe sawa na ya mkufunzi.