Wimbo ni wa Mungu, Jina ni la Nani?



Kwaya yetu iliporekodi video, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuiweka YouTube na kuandika maelezo. Nikaandika parokia, mpiga kinanda, hadi fundi aliyetushonea sare. Mtunzi sikumwandika. Nota zetu zilikuwa kopi ya kopi, na pale juu penye jina palishakatwa na mashine. Ila nikisema kweli, jina nilikuwa nalijua.

Baadaye mzee yule akampigia simu mwalimu wetu. Hakugomba. Alisema tumeimba vizuri, ila tumemsahau.

Kwenye kikao wengi wakasema, "Jamani, wimbo ni wa Mungu, yeye anatafuta sifa!" Nami nikaitikia. Si unajua, ukiwa na kosa, hoja ya kumtaja Mungu inakuja haraka sana.

Sasa tuitazame hoja yenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda wimbo kwa sababu tu umetungwa. Mtunzi halazimiki kwanza kwenda kuusajili. Iliweka ulinzi huo kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena haiishii kwenye pesa: mtunzi ana haki ya kutajwa, na ya kukataa kazi yake isiharibiwe.

Lakini sheria haizungushii ua kila kitu. Zaburi ya 23 haina mmiliki. Wewe na mimi tunaweza kuitungia wimbo kesho, na mwingine keshokutwa. Cha mtunzi ni namna alivyoitengeneza: ile melodia, na ile besi inayochelewa kidogo halafu inaingia na watu wanasisimka. Hiyo haikushuka kutoka mbinguni ikiwa imeshaandikwa. Kuna mtu alikesha nayo.

Kuna aliyenijibu kwamba nyimbo nyingi za kale za Kigregori hazina jina la mtunzi, na Kanisa linaziimba hadi leo. Ni kweli, na hoja hiyo ilinisumbua siku kadhaa. Lakini mtu akijificha kwa unyenyekevu, amechagua mwenyewe. Mimi nilimfanyia mwenzangu unyenyekevu bila kumuuliza!

Katekisimu, namba 2408, inaeleza wizi kuwa ni kuchukua cha mwenzio kinyume na matakwa yake ya haki. Kuimba alikuwa ameturuhusu, tena bure. Alichotaka kibaki chake ni jina tu, na hicho ndicho nilichochukua. Sheria ingeweza kutulazimisha tuiondoe video. Kunifanya nione aibu, hiyo haikuwa kazi yake. Nilipokwenda kuungama, padre aliniuliza swali moja: umeshamrudishia?

Kuongeza jina kulinichukua dakika moja. Kwenda kwake kuomba msamaha kulinichukua wiki tatu. Alitupokea mimi na mwalimu, akatupa chai, akafungua simu na kuicheza video mpaka ubeti wa pili, akaisimamisha.

"Hapa sauti ya tatu mmebadilisha nota. Nani aliwaambia?"

Tukatazamana. Hilo hatukuwa tumelijua kabisa, na video haifutiki nota moja.